Kingamwili ya Maabara Si Dawa: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Interferoni Gama

Jijini Mbeya, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo kinachochunguza kifua kikuu na VVU, mtu aliyetolewa damu anaweza kudhani kwamba kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa kitu mahususi, aliyoisikia ikitajwa ni sindano atakayochomwa baadaye. Sivyo. Kingamwili hiyo hubaki kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, na kazi yake ni kunasa protini moja tu, kama interferoni gama, ambayo seli T huitoa ili kuziamsha seli nyingine za kinga.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba kisima kikibadilika rangi, mwenye damu anaumwa kifua kikuu. Kwanza damu huchanganywa na vipande vya protini za bakteria wa ugonjwa huo na kuachwa saa 16 hadi 24 katika nyuzi joto 37, na seli zilizowahi kukutana nao humwaga interferoni gama. Kingamwili iliyonatishwa kwenye kitako cha kisima huinasa, nyingine yenye kimeng'enya huishika upande wa pili, kisha kemikali ikitiwa, kimeng'enya hicho huifanya itoe rangi ya buluu, na asidi huigeuza kuwa njano. Njano ikikolea kuliko ya damu isiyochochewa, tunajua kwamba seli zinawakumbuka bakteria. Kama wamelala au wanashambulia, hilo huulizwa makohozi na picha ya kifua. Wala kisima kilichobaki cheupe si hakikisho, hasa kwa mtu ambaye VVU vimempunguzia seli T.

Wengine husikia kwamba kingamwili hizi hutokana na panya, wakadhani zinapima chochote cha panya. Ni kweli kwamba nyingi hutengenezwa kwa njia iliyoonyeshwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, ya kuunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani. Lakini iliyolenga interferoni gama ya binadamu kwa kawaida haiishiki ya panya.

Kisha ipo dhana yetu watu wa nyanda za juu, ambayo nakiri inavutia asubuhi ya Julai: kwamba kwa baridi hii kichupa cha kingamwili kinaweza kukaa dirishani. Kingamwili nyingi za kimiminika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto la mchana wa Mbeya huzidi hapo bila shida. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara nako huziharibu, ndiyo maana zile zinazoruhusiwa kugandishwa hugawanywa kwanza katika vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumika mara moja.