Kishikio cha shokapu na mahali pake kwenye gari lililoundwa upya

Kishikio cha shokapu ni breketi ya chuma inayoifunga shokapu kwenye gari: cha juu hukaa kwenye fremu na cha chini kwenye ekseli. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu hutuliza mchezo wa springi hizo kwa kusukuma oili kupitia matundu madogo ya pistoni, mpaka nguvu ya mtikisiko igeuke joto. Kwa hiyo kishikio huvutwa na kusukumwa kila gurudumu linapopita shimoni, na breketi nyembamba hupasuka, mara nyingi kando ya weldingi.

Mtu anapochukua, kwa mfano, Ford F-100 ya mwaka 1953, akaiteremsha ikae karibu zaidi na ardhi na kuifungia ekseli ya gari jingine, vishikio vya kiwandani havifai tena. Hapo fundi mwenye haraka hutafuta nafasi iliyo wazi kwenye fremu, akachomelea breketi, kisha akaenda kutafuta shokapu itakayoenea. Huko ni kuanzia mwisho, kwa sababu kinachoamua mahali pa kishikio ni mwendo wa ekseli.

Ili kuujua mwendo huo, springi za koili hutolewa, na katika springi za mabamba hubakizwa bamba kuu peke yake. Ekseli hupandishwa kwa jeki hadi ikandamize raba ya kizuizi, yaani raba inayozuia ekseli isigonge fremu, kisha hushushwa hadi mwisho wake, na kila mara umbali kati ya matundu ya bolti ya kishikio cha juu na cha chini hupimwa. Shokapu iliyobonyea kabisa iwe fupi kuliko kipimo kidogo kwa milimita 25 hivi. Vinginevyo yenyewe ndiyo itakayopokea pigo lililopaswa kupokelewa na raba. Ikivutwa kabisa, nayo isiwe ndiyo inayoning'iniza ekseli. Gurudumu moja lipandishwe huku la pili likishuka, ionekane kama shokapu inagusa tairi au paipu ya breki.

Gari lililoteremshwa lina nafasi ndogo chini yake, hivyo shokapu hulazwa. Kila inapolala, husogea kidogo kuliko gurudumu, na sehemu ya nguvu yake huenda pembeni. Ikiinama digrii 20 kutoka wima hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu yake ya kutuliza. Kwenye digrii 45 hubaki nusu. Ningependa isizidi 30.

Bolti ishikwe pande zote mbili, kwani iliyoshikwa upande mmoja hupinda. Breketi huchomelewa nukta chache kwanza, ekseli ipandishwe na kushushwa tena, ndipo weldingi ikamilishwe. Fremu za malori makubwa zilizoimarishwa kwa joto hazichomelewi. Breketi hufungwa kwa bolti kwenye ubavu wa fremu. Bushi za raba, zinazokaa kwenye ncha za shokapu bolti inapopita, hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa sababu raba iliyokazwa ekseli ikiwa inaning'inia hubaki imejisokota na huchanika mapema.