Ndoto Haina Kamusi

Wengi huamini kwamba mtaalamu wa uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya akili kwa njia ya mazungumzo, hufasiri ndoto kama afunguaye kamusi: nyoka ni adui, maji ni hatari. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba hiyo, katika kitabu chake kuhusu ndoto kilichotoka mwaka 1899, alifuata njia nyingine: ndoto hugawanywa vipande, kisha mwotaji mwenyewe hueleza, bila kuchuja, kila kinachomjia akilini kuhusu kila kipande. Aliyeota ngazi huenda akakumbuka nyumba ya bibi yake na ugomvi ulionyamaziwa humo. Mwingine, kwa ngazi ileile, akakumbuka cheo alichonyimwa. Kweli, baadaye Freud aliongeza maelezo marefu kuhusu ishara, yaani vitu vya ndotoni vyenye maana ileile kwa watu wengi, na nadhani hapo ndipo dhana hii ya kamusi ilipopata mbolea; lakini alionya kwamba ishara ni nyongeza tu ya maneno ya mwotaji.