Je, wajua kwa nini "mlipeni Kaisari" haimwondoi Mkristo katika kituo cha kura?

Uchaguzi unapokaribia Uganda, mstari mmoja wa Injili husikika sana makanisani: "Basi, mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu" (Mathayo 22:21). Mara nyingi hutajwa ili kufunga mjadala. Siasa ni ya Kaisari, ibada ni ya Mungu, na Mkristo mwema hukaa upande wake. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha vijana wa ibada yetu ya Kiswahili hapa Kampala, mpaka mmoja wao aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: ikiwa Bwana Yesu alitaka kutenga mambo mawili tu, kwa nini aliomba kwanza aonyeshwe sarafu?

Fundisho hilo la kujitenga lina sababu zake katika historia yetu. Mwezi wa Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa silaha Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, na baadaye chama cha DP (Democratic Party), kilichoanzishwa mwaka 1954, kilihesabiwa na wengi kuwa cha Wakatoliki, huku chama cha UPC (Uganda People's Congress) cha mwaka 1960 kikihesabiwa kuwa cha Waanglikana. Anayesema kanisa lijiepushe na siasa huenda anakumbuka makovu ya kweli. Hata hivyo, hofu hiyo ni yetu, wala haimo katika maneno ya Yesu, na hapo ndipo nilipokosea.

Swali aliloulizwa Yesu lilihusu kodi ambayo Warumi waliitoza Uyahudi baada ya sensa ya mwaka 6 baada ya Kristo, ile iliyomfanya Yuda Mgalilaya aasi (Matendo 5:37). Akisema ilipwe, watu wangemchukia; akisema isilipwe, angeshtakiwa kuwa mwasi. Akaletewa dinari, ambayo katika mfano wa shamba la mizabibu ni ujira wa kibarua wa siku moja, kisha akauliza: "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Wataalamu wengi hudhani ilikuwa sarafu ya Kaisari Tiberio, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 14 hadi 37, ambayo maandishi yake yalimwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Injili haimtaji Kaisari huyo kwa jina, kwa hiyo jambo hilo linabaki kuwa dhana yenye nguvu.

Sasa tazama vitenzi, kwa maana hapa Biblia yetu ya Kiswahili inatusaidia sana. Waulizaji walisema, "Ni halali *kumpa* Kaisari kodi, ama sivyo?" Yesu akajibu, "*Mlipeni*." Kigiriki nacho kina vitenzi viwili tofauti hapo, na cha pili kina maana ya kumrudishia mtu kilicho chake. Wao waliuliza kuhusu kutoa. Yeye akajibu kuhusu deni. Lakini katika neno jingine tafsiri yetu inaficha kitu. "Sanamu" iliyokuwa juu ya dinari ni *eikon* kwa Kigiriki, na neno hilohilo ndilo lililotumiwa katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Mwanzo 1, pale tunaposoma sisi kwamba Mungu alimwumba mtu "kwa mfano wake". Msomaji wa Kiswahili hukuta "sanamu" huku na "mfano" kule, wala hana njia ya kujua kwamba ni neno moja.

Fikiri juu ya mfugaji wa Ankole anayemkuta katika kundi lake ng'ombe mwenye chapa ya jirani. Anamrudisha, na kurudisha huko hakuitwi zawadi, kwa sababu chapa imekwisha kusema ng'ombe ni wa nani. Jirani akija na kudai pia amchukue kijana anayechunga, ataulizwa: huyu ana chapa yako wapi? Haki yake inaishia pale chapa yake inapoishia. Ndivyo ilivyo kwa Kaisari. Dinari ina sura yake, basi arudishiwe. Mtu aliyeishika ana sura ya Mwingine, tena ni mtu huyo wote, pamoja na akili yake, dhamiri yake na mikono yake. Yesu hakulitamka neno hili la mwisho, nasi tunalichota kutoka katika swali lake. Lakini si uvumbuzi wa juzi: Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo wa kale, alilieleza hivyo karibu na mwaka 200.

Kwa hiyo hakuna ukuta katika mstari huo. Yaliyo ya Kaisari ni sehemu ndogo ndani ya yaliyo ya Mungu. Mwaka 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum na maaskofu wenzake walipomwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji, hawakuwa wametoka nje ya kazi yao, kwa maana waliokuwa wakiuawa walikuwa na sanamu ya Mungu. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari mwaka huohuo.

Je, mstari huu unaamuru kupiga kura? Hapana, na asiyekubali hilo anaulazimisha. Wasikilizaji wa siku ile hawakumchagua Tiberio wala hawangeweza kumwondoa. Mashahidi wa Yehova hawapigi kura kwa sababu za imani, na dhamiri yao inastahili heshima. Ninachokiona mimi ni kwamba hali yetu imebadilika mahali pamoja: ibara ya 1 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na ibara ya 59 inampa kila raia wa miaka 18 na zaidi haki ya kupiga kura, kisha inataja kujiandikisha kuwa wajibu wake. Paulo, alipofungwa kamba ili apigwe, hakusema uraia wa Kirumi ni mambo ya dunia, alimwuliza akida, "Je! ni halali ninyi kumpiga mtu aliye Mrumi, naye hajahukumiwa bado?" (Matendo 22:25). Alikitumia alichokuwa nacho. Mgonjwa asiyepata dawa katika kituo cha afya ana sanamu ileile, na sehemu ya haki yake imo mikononi mwangu siku ya kura.

Ndiyo maana pia sabuni, chumvi na sukari zinazogawiwa usiku wa kuamkia uchaguzi zinanisumbua kuliko zamani. Nilikuwa nikiziita rushwa ndogo. Anayezigawa anajaribu kuweka chapa yake mahali ambapo chapa nyingine imekwisha kuwekwa.

Siku hiyo utapewa karatasi yenye picha za wagombea. Sheria inakuruhusu kuweka alama kwa kalamu, au kwa dole gumba lako.