Mhitimu si msaili wako

Mahojiano na mhitimu ni mazungumzo ya nusu saa hivi, au saa nzima yakinoga, kati ya kijana aliyeomba kusoma chuo fulani na mtu aliyewahi kusoma hapo. Vyuo vya Marekani kama Harvard, Yale na Princeton huyatumia. Mhitimu anajitolea, halipwi, na baadaye huandika ripoti fupi kwenda ofisi ya udahili. Dhana yenyewe ni hiyo tu. Kinachonisumbua ni kusikia kila mwaka hapa Dodoma kwamba mtoto wa fulani "ameitwa kwenye usaili".

Najua neno hilo linakotoka. Huu ni mji wa usaili. Kwa miaka mingi watu wametoka mikoani kuja kusailiwa na Utumishi kwa ajili ya kazi za serikali, na kila nyumba ina ndugu aliyewahi kufikia hapa na bahasha ya vyeti. Tena udahili wa vyuo vyetu hauna mazungumzo: matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ufaulu wako kwenye tahasusi ndio unaosema. Kwa hiyo kijana akipata barua pepe ya mhitimu, hana kingine cha kufananisha. Anabeba vyeti halisi na cheti cha kuzaliwa, anaazima suti, anakariri mwaka chuo kilipoanzishwa.

Tofauti ni kubwa. Kwenye usaili wa kazi unapewa maksi, zikipungua umetoka. Mhitimu hatoi maksi za kukupitisha wala hana mamlaka ya kukudahili. Huyu ni shahidi, hakimu yuko ofisi ya udahili, mwenye alama zako, insha zako na barua za walimu wako. Mara nyingi mhitimu hajaona hata kimoja kati ya hivyo. Ataandika alichokisikia kwako, basi.

Hapo ndipo maandalizi yanapobadilika. Binti wa Hombolo ambaye kwao wanalima zabibu akisema "mimi ni mchapakazi na napenda sayansi", shahidi wake ameondoka mikono mitupu. Lakini akieleza kwa nini shamba lao huvunwa mara mbili kwa mwaka, nini hutokea mavuno yakikosa mnunuzi kwa wakati, na swali gani la kemia limemkaa kichwani tangu aone zabibu zikichacha, mhitimu ana aya nzima ya kuandika. Ndiyo maana nawasihi vijana waache kukariri majibu, wakae na mtu mzima anayependa kuuliza "kwa nini?", wazungumze naye jioni moja, kwa Kiingereza, maana ndicho watakachotumia.

Kuna wanaokosea kwa upande mwingine, wakimwita mhitimu "koneksheni". Wazazi hufungasha chupa ya mvinyo wa Dodoma wakidhani wanaonyesha ukarimu. Nia ni njema, ila mnamweka pabaya mtu aliyejitolea. Shikamoo, kama mhitimu ni Mtanzania aliyemzidi kijana umri, na ujumbe wa shukrani siku inayofuata, vinatosha kabisa.

Kijana naye aulize. Aulize masomo yalimbadilisha vipi mhitimu, nini kilimshinda mwaka wa kwanza, alipata wapi watu wa kumsaidia. Bei ya hosteli na msaada wa ada aziulizie chuoni, kwa sababu aliyemaliza miaka ishirini iliyopita hawezi kujua ya leo. Na asiyeitwa asilie: wahitimu hawako kila mahali, na vyuo hivyo husema wazi kwamba kukosa mazungumzo hakumpunguzii mwombaji kitu.

Kwa hiyo, mama au baba, akikuuliza jirani, mwambie mwanao ana mazungumzo na mhitimu. Bahasha ya vyeti ibaki kabatini, na kama wanakutana mgahawani pale karibu na Nyerere Square, msindikize mpaka mlangoni, kisha keti meza ya mbali.