Je, wajua kwa nini Japani ilisita kuwapeleka wanawake viwandani wakati wa vita?

Desemba 1941, Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaandikisha kwa lazima wanawake ambao hawajaolewa katika kazi za vita. Mwezi huohuo ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, na Japani ikaingia vitani na Marekani, taifa lililoipita mbali kwa viwanda. Hata hivyo, serikali ya Tokyo iliendelea kukataa kuwalazimisha wanawake kwenda viwandani. Waziri Mkuu Tojo Hideki alishikilia kwamba hatua hiyo ingebomoa mfumo wa familia.

Familia gani hiyo? Sheria ya kiraia ya 1898 ilimpa mkuu wa kaya, kwa kawaida mwanamume, mamlaka makubwa juu ya wote waliokuwa chini yake, hata katika suala la nani aoe au aolewe. Shuleni wasichana walifundishwa kwamba lengo lao ni kuwa mke mwema na mama mwenye hekima. Kisha, Januari 1941, baraza la mawaziri likapitisha sera ya uzazi: Japani ifikishe watu milioni 100 ifikapo 1960, vijana waoane miaka mitatu mapema zaidi, na kila ndoa ilete wastani wa watoto watano. Serikali ilimtazama mwanamke kwanza kama mama wa askari wa kesho.

Hoja hiyo ilikuwa na unafiki mkubwa. Wanawake wa Japani walifanya kazi tangu zamani. Viwanda vya nyuzi na hariri viliendeshwa kwa jasho la mabinti wa wakulima maskini. Vijijini, wanaume walipoitwa jeshini, wake zao ndio waliopanda na kuvuna mpunga. Hata marufuku ya 1933 iliyowatoa wanawake chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe ililegezwa mwaka 1939. Aliyelindwa hasa ni mke au binti wa mjini mwenye nafasi. Na nje ya mipaka, jeshi la nchi hiyohiyo liliwaingiza kwa nguvu na kwa hadaa wanawake wa Korea, China na kwingineko katika madanguro ya askari. Familia zao hazikumhangaisha mtu.

Kubaki nyumbani nako hakukumaanisha kupumzika. Kuanzia 1940 kaya ziliunganishwa katika vikundi vya ujirani vya takriban nyumba kumi, jambo ambalo Mtanzania anayekumbuka mabalozi wa nyumba kumi kumi ataelewa upesi. Chakula cha mgao kilipitia humo, na humo ndimo wanawake walifanya mazoezi ya kuzima moto kwa kupokezana ndoo za maji. Askari alipoondoka, mama au mke wake alisimama barabarani na kitambaa na uzi mwekundu, akiwaomba wanawake wapitao kila mmoja ashone fundo moja, hadi yatimie mafundo 1,000. Mwanamke aliyezaliwa mwaka wa chui milia, katika kalenda ya jadi ambayo kila mwaka una mnyama wake, aliruhusiwa kushona mafundo mengi kulingana na umri wake, kwa kuwa mnyama huyo husifiwa kwenda mbali na kurudi salama. Askari alijifunga kitambaa hicho kiunoni kama hirizi.

Mwaka 1944 hali ya vita ilipokuwa mbaya, msimamo ukavunjika. Agosti mwaka huo vikosi vya kazi vya wanawake, ambavyo awali viliitwa vya hiari, vikapewa nguvu ya sheria, na walengwa wakuu wakawa wasioolewa. Wanafunzi nao wakatolewa madarasani.

Baadhi ya wasichana hao walipewa kazi ya kutengeneza maputo ya karatasi yenye upana wa mita 10 hivi, ya kubebea mabomu kuvuka Bahari ya Pasifiki kwa upepo wa juu. Walibandika tabaka juu ya tabaka la karatasi ya magome ya mti kwa gundi ya kiazi kiitwacho konnyaku. Kucha zilikatwa fupi ili karatasi isichanike. Njaa ilikuwa kali kiasi kwamba wengine waliila gundi hiyo kwa siri. Maputo takriban 9,000 yalirushwa. Moja liliua watu sita huko Oregon, Marekani, tarehe 5 Mei 1945: mama mjamzito na watoto watano. Miongo baadaye, baadhi ya waliotengeneza maputo hayo, wakiwa sasa watu wazima, walizitumia familia za marehemu korongo 1,000 wa karatasi kama ishara ya majuto.

Hiroshima nako wasichana waliendesha tramu za mjini, na baada ya bomu la atomiki la Agosti 6, 1945 baadhi ya walionusurika walirudi kazini siku tatu tu baadaye, njia fupi ya kwanza ilipofunguliwa.

Tarehe 10 Aprili 1946 wanawake wa Japani walipiga kura ya ubunge kwa mara ya kwanza, na 39 kati yao wakachaguliwa. Mwaka uliofuata sheria ya familia iliandikwa upya, na mamlaka yale ya mkuu wa kaya yakafutwa.