Naitrojeni ya mboji haitoki hewani

Wahandisi wanaoanza kazi ya maboila huniuliza mara kwa mara: mboji ya kinamasi (peat, mabaki ya mimea yanayochimbwa na kuchomwa kama fueli) haina moto mkali kama makaa ya mawe, sasa hizi oksidi za naitrojeni (NOx) zinatoka wapi?

Swali lina mantiki. Naitrojeni ya hewani haishikani na oksijeni kwa wingi mpaka joto lipite nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi. Kwenye tanuri la mchanga unaopulizwa hewa, mboji huungua kwa nyuzi 800 hadi 900 tu. Hewa basi haina kosa. Naitrojeni imo ndani ya mboji.

Vunja bonge kavu uone: nyuzinyuzi za majani na mizizi ambayo haikuoza ikaisha. Protini za mimea na za vijidudu zimebaki humo. Mboji kavu huwa na naitrojeni asilimia 1 hadi 3 hivi, wakati kuni za shina mara nyingi hazifiki hata 0.5.

Ikiingia tanurini, mboji hukauka, kisha theluthi mbili hivi ya uzito wake mkavu hutoka kama gesi. Naitrojeni hutoka ikiwa amonia na sianidi ya haidrojeni. Gesi hizo zikikuta oksijeni tele, zinageuka NO (oksidi ya naitriki, mojawapo ya NOx). Zikikuta oksijeni haba, amonia inaivaa NO iliyokwisha kutokea, na zote mbili zinaishia kuwa naitrojeni ileile tunayoivuta puani.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuunyima moto hewa chini na kuufidia juu. Nakaa na fundi mbele ya skrini: “Punguza ya chini kidogo. Tena.” NO inashuka, tunafurahi, mara kaboni monoksidi, dalili ya moto uliokosa hewa, inaanza kupanda. Tunarudi nyuma hatua moja, tunaacha hapo.

Namba za bomba la moshi nazo zina ujanja wake. Miligramu 200 za NOx kwa mita ya ujazo zinapendeza, lakini ukiambiwa moshi ulikuwa na oksijeni asilimia 11, ujue umechanganywa na hewa ya ziada. Ukirekebisha hadi asilimia 6, kama ilivyo desturi kwa fueli ngumu, unapata 300.

Kupunguza hewa kusipotosha, tunapuliza yurea au amonia pale moshi unapokuwa na nyuzi 850 hadi 1,100 hivi. Chini ya hapo amonia inatorokea dohanini. Juu yake inaungua na kuwa NO, yaani umenunua dawa ukaongeza ugonjwa.

Kinachoniudhi ni mtu kuupoza mchanga ili namba ipungue. Joto likishuka, oksidi ya nitrasi, N2O, huongezeka. Kwa miaka 100, kilo yake moja hupasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kaboni dioksidi, na kipimo cha NOx hakiihesabu kabisa.