Maji ya Kayabwe hayageuzwi na ikweta

Katika makundi ya gumzo hurudi mara kwa mara video iliyopigwa penye pete nyeupe za ikweta huko Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, ikidai kwamba maji yanayotoka kwenye tundu la karai huzunguka upande mmoja kaskazini, upande mwingine kusini, na katikati hushuka moja kwa moja.

Dai hilo si kweli. Mzunguko wa dunia hugeuza vimbunga vyenye upana wa mamia ya kilomita, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Lakini hatua chache kutoka ikweta athari hiyo inakaribia sifuri, nayo hufunikwa kabisa na namna maji yalivyomiminwa. Hata mbali na ikweta, jaribio lililofanywa Marekani mwaka 1962 lilihitaji maji yatulizwe kwa takriban saa 24 ndipo mgeuko uonekane.

Mpiga picha anaweza kuhakikisha mwenyewe: arekodi bila kukata tangu maji yanapomiminwa, kisha aombe yamiminwe kutoka ubavu wa pili, na kwa kawaida ua dogo linalowekwa kuelea juu ya maji ili kuonyesha mzunguko litazunguka kinyume, palepale aliposimama. Pete zenyewe zinastahili kupigwa picha na kutumiwa jamaa. Tafadhali, dai hilo lisisambazwe pamoja nazo.